Nambari ya Moshi Si Uzito wa Moshi

Haya wasomaji, leo tuweke kando mambo ya simu na programu zake. Tuongee moshi. Moshi na leza.

Kuna kijisanduku cha plastiki kinachouzwa siku hizi kwa bei ya viatu vizuri vya mtumba, ukubwa wake kama kiberiti kilichonona. Ndani kina feni ndogo, taa ya leza nyekundu, na jicho la kielektroniki linalopokea mwanga. Ukikiunganisha na Arduino au Raspberry Pi, mistari thelathini ya msimbo inatosha, na nambari inaanza kutiririka: maikrogramu kadhaa za vumbi laini katika kila mita ya ujazo ya hewa. Wengi wanakiita sensa. Mimi nitakiita kihisi, kwa sababu sensa ni ile ya kuhesabu watu, ingawa kusema kweli hiki nacho kinadai kuhesabu.

Wenye miradi wanakipenda kihisi hiki sana. Ukitoka Kitale ukashuka kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha ukakata kuelekea Bungoma, njia nzima ina vitu vya kukipa kazi: visiagi vya mahindi, mashamba ya miwa, tanuri za matofali, na jikoni ambazo kuni ndizo gesi na stima za nyumba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020. Kwa hivyo kupima moshi si mchezo wa vijana wenye waya mezani.

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna wenzangu watakaonuna. Ile nambari ya maikrogramu inayotoka katika kihisi cha leza isiandikwe katika ripoti yoyote ya Kitale au Bungoma kama uzito wa moshi, mpaka mwandishi aseme ni chembe gani zilizodhaniwa na ni mwali gani uliozimulika. Ndani ya kile kijisanduku hakuna mizani. Hakuna kitu chochote pale kinachopima uzito. Kuna mwanga tu, na dhana za mtu ambaye hajawahi kunusa jikoni la huku.

Tufungue kifuniko tuone. Feni inavuta hewa. Hewa inapita mbele ya mwali wa leza. Kila chembe ya vumbi inapokatiza mwali, inautawanya mwanga kila upande, na sehemu ndogo ya mwanga huo inaangukia lile jicho lililokaa pembeni. Kutoka kwa mwanga huo programu ya ndani inabahatisha ukubwa wa chembe. Kutoka kwa ukubwa inapata ujazo. Kutoka kwa ujazo inapata uzito, kwa kuzidisha na kipimo cha uzani kilichowekwa kiwandani. Hatua tatu, na kila moja ina dhana yake. Chukua mfano wa kihisi kimoja ghali kidogo kuliko hivi, Alphasense OPC-N2, ambacho kilitumika Nairobi mwaka wa 2016 katika jaribio la kupima hewa kwa vifaa vya bei nafuu. Kilitoka kiwandani kikidhani kwamba kila chembe ni tufe kamili, kwamba inaupinda mwanga kwa kipimo cha 1.5, kwamba haimezi mwanga hata kidogo, na kwamba sentimita moja ya ujazo wake ina uzito wa gramu 1.65. Angalau hao walisema wazi. Wengine hawasemi chochote.

Kwa nini tufe? Kwa sababu tufe ndilo umbo ambalo hesabu yake inajulikana mwanzo hadi mwisho. Mwaka wa 1908 Mjerumani Gustav Mie alitaka kueleza kwa nini maji yenye chembe ndogo sana za dhahabu yana rangi za ajabu. Akachukua kanuni za Maxwell za sumaku na umeme, akazitatua kwa tufe linalomulikwa na mwanga ulionyooka. Jibu lake ni jumla ya vipande vingi, kila kimoja kidogo kuliko kilichotangulia mara unapovuka idadi fulani. Kabla yake, mwaka wa 1890, Ludvig Lorenz wa Denmark alikuwa ameshafika karibu palepale, lakini aliandika kwa Kidenmaki na wakubwa wa fizikia hawakumsoma. Jina lake lilirudishwa baadaye sana. (Sisi tunaoandika mambo haya kwa Kiswahili tunamwelewa vizuri.)

Uzuri kwa mwandishi wa programu ni kwamba hesabu hii haina siri. Bohren na Huffman waliweka programu yake ya Fortran mwishoni mwa kitabu chao cha 1983, kurasa chache tu, na leo ukitumia Python kuna maktaba za bure kama miepython. Kompyuta ya mtumba ya elfu kumi na tano inamaliza kazi kabla hujainua kikombe cha chai.

Kinachoamua kila kitu ni uwiano kati ya mzingo wa chembe na urefu wa wimbi la mwanga. Tuseme leza ni nyekundu, nanomita 658. Chembe ya kipenyo cha maikromita 2.5 ina uwiano wa karibu 12, na kwa kanuni ya Wiscombe ya 1980 unahitaji kujumlisha vipande 23 hivi. Chembe ya maikromita 0.3 ina uwiano wa 1.4, vipande 8 vinatosha. Ukishuka chini zaidi, chembe ikiwa ndogo sana kuliko wimbi, jambo la kutisha linatokea: mwanga unaotawanywa unafuata kipenyo kikizidishwa chenyewe mara sita. Punguza kipenyo kwa nusu, na mwanga unapungua mara 64. Si nusu. Si robo. Mara 64.

Kama hutaki kuniamini, chukua glasi ya maji na utie matone machache ya maziwa. Kitale maziwa si shida. Mulika kwa tochi upande mmoja. Ukitazama kutoka pembeni maji yana ubuluu fulani, na ukitazama tochi kupitia maji yenyewe imekuwa ya manjano inayokaribia chungwa. Chembe ndogo za protini, karibu maikromita 0.1 hadi 0.2, zinautupa pembeni mwanga wa buluu zaidi ya mwekundu. Matone ya mafuta ni makubwa zaidi, maikromita kadhaa katika maziwa yaliyotoka kwa ng'ombe moja kwa moja, na hayachagui rangi sana. Ndiyo maana maziwa yaliyotolewa malai yanaonekana na ubuluu kuliko yale mazito, jambo ambalo mnunuzi mzoefu wa maziwa analijua bila kumsikia Mie. Ukubwa wa chembe unabadilisha mwanga, hata kama uzito wa kilicho ndani ya glasi ni uleule.

Sasa turudi kwa moshi, maana hapa ndipo pana hasara ya kweli.

Fikiria jiko la mawe matatu na jiko la kisasa lenye kuchoma vizuri. Jiko la kisasa mara nyingi linatoa moshi mchache, hilo sipingi. Lakini pia linaweza kutoa moshi wa aina nyingine: chembe ndogo zaidi, na sehemu kubwa zaidi ya masizi meusi. Tuseme jiko jipya linatoa uzito uleule kabisa wa moshi, ila kila chembe ina nusu ya kipenyo cha zamani, na zote ni ndogo kuliko wimbi la leza. Ili uzito ubaki sawa lazima chembe ziwe mara nane kwa idadi. Kila moja inatawanya mwanga mara 64 pungufu. Nane kwa 64: kihisi kitapokea moja ya nane ya mwanga wa kwanza. Mwenye mradi ataandika kwamba moshi umepungua kwa asilimia 87. Mapafu ya mpishi yatakuwa yamepokea uzito uleule, tena katika chembe zinazozama ndani zaidi.

Huo ni mfano wa hesabu, si kipimo cha jiko la mtu yeyote. Lakini unaonyesha mwelekeo wa kosa, na mwelekeo huo unampendelea anayeuza jiko. Na siku hizi nyuma ya jiko kuna mikopo ya kaboni, kuna wafadhili, kuna picha za kabla na baada. Mtihani ambao mtahini haoni wanafunzi wadogo ni rahisi kuufaulu.

Mwaka juzi niliweka kihisi katika jikoni la shangazi yangu, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Sisi Wabukusu tunamwita Senge. Alikuwa amepewa jiko jipya, na nambari za wiki ya pili zilikuwa chini sana kuliko za wiki ya kwanza. Nikamsomea.

"Sasa hiyo kitu yako inasema moshi umeisha?" akaniuliza.

"Inasema umepungua sana, Senge."

Akafuta macho kwa kona ya leso. "Mwanangu, basi ikae hapa nilipokaa mimi, halafu iniambie tena."

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu alikuwa amegusa jambo ambalo karatasi ya kihisi haligusi. Mojawapo ya vihisi vinavyotumika sana duniani, Plantower PMS5003, chenyewe kinaandika katika maelezo yake kwamba kinaona nusu tu ya chembe za maikromita 0.3, na asilimia 98 za zile za kuanzia 0.5. Chini ya 0.3 hakidai kuona. Kinaandika pia kwamba kipimo chake cha uhakika kinaishia maikrogramu 500 kwa mita ya ujazo. Jikoni lenye kuni mbichi linaweza kuvuka hapo kabla ugali haujashika. Na ndani ya kila ujumbe wa baiti 32 kinaotuma, kuna nambari mbili za uzito wa vumbi lilelile: moja imeitwa ya chembe za kiwandani, nyingine ya hewa ya nje. Hewa ikiwa safi zinalingana. Moshi ukiwa mzito zinaachana. Nani aliamua ziachane vipi, na kwa vumbi la wapi? Karatasi ya maelezo iko kimya, na programu nyingi ninazoziona kwenye mtandao zinachukua moja kati ya hizo mbili bila hata kusema ni ipi.

Halafu kuna masizi ya koroboi. Hayo si tufe hata kwa kukisia. Yanaanza kama vitufe vidogo vya nanomita 20 hadi 50, vikishikana mkufu kama shanga zilizokatika uzi zikaanguka ovyo. Tena yanaumeza mwanga badala ya kuutawanya wote. Kihisi kinachodhani tufe lisilomeza mwanga kinayaona masizi kama kitu kidogo na kisicho na maana, wakati dari ya nyumba imeshakuwa nyeusi. Nyumba mbili, moja ya kuni na moja ya koroboi, zikipata nambari sawa hazina moshi sawa. Hilo tu lingetosha kumfanya mtu mzima aogope kuzilinganisha.

Nimeongea kuhusu chembe. Lakini kuna nusu ya pili ya hadithi ambayo hata wanaojua Mie huwa wanairuka, nayo ni umbo la mwali wenyewe. Nitakaa hapa kidogo, vumilieni.

Mie alidhani mwanga umenyooka na una nguvu ile ile kila mahali, kama jua la mchana juu ya shamba. Leza haiko hivyo. Mwali wa leza wa kawaida una nguvu nyingi katikati na unafifia kuelekea pembeni, kama kilima. Wenye fani wanapima nusu-upana wake mahali ambapo nguvu imebaki asilimia 13.5 ya ile ya katikati. Sasa fikiria chembe mbili zinazofanana kabisa, pacha. Moja inapita katikati ya mwali, nyingine inapita pale pembeni. Ya pili inatoa asilimia 13.5 tu ya mwanga. Programu haijui ilipita wapi, kwa hivyo inasema hii ni ndogo. Kama zote ni ndogo kuliko wimbi, kanuni ya mara sita inasema kipenyo kitasomeka asilimia 72 ya kweli, na ujazo, hivyo uzito, asilimia 37. Chembe ileile, uzito theluthi moja na kidogo, kwa sababu tu ya njia iliyopitia. Na ile kubwa iliyopita pembeni haiwezi kutofautishwa na ndogo iliyopita katikati.

Hilo ni tatizo la zamani na lina dawa. Gérard Gouesbet na Gérard Gréhan wa Rouen, Ufaransa, kuanzia miaka ya 1980 waliipanua hesabu ya Mie iweze kukubali mwali wa umbo lolote. Kwa jicho la mwandishi wa programu, walichofanya kinapendeza sana, kwa sababu waligawa kazi katika sehemu mbili zisizoingiliana. Kuna nambari zinazotegemea tufe peke yake, zilezile za Mie, huzigusi. Halafu kuna nambari nyingine zinazotegemea mwali peke yake. Unazidisha kipande kwa kipande, unajumlisha, kwisha. Ukibadilisha leza, unaandika upya sehemu moja tu. Msimbo wowote ulioandikwa vizuri uko hivyo.

Na kwa mwali wa kawaida wa umbo la kilima, chembe ikiwa katikati kabisa, sehemu ya mwali ni mstari mmoja wa programu kwa makadirio mazuri. Ukiwa na mwali wenye nusu-upana wa maikromita 10 na chembe yetu ya 2.5, kipande cha mwisho, cha 23, kinabaki na asilimia 94 ya thamani yake. Mie wa kawaida anatosha, usijisumbue. Ukiubana mwali hadi maikromita 2, kipande hicho kinabaki na asilimia 22, na sasa ukitumia Mie wa kawaida unahesabu mwanga ambao haukuigusa chembe. Ile chembe ya 0.3 hata hivyo inabaki na asilimia 82 katika kipande chake cha mwisho cha nane. Kwa hivyo mwali mmoja unazikosea chembe kubwa na ndogo kwa viwango tofauti.

Ndiyo sababu watu wakaanza kuutengeneza mwali uwe na umbo walitakalo. Kuna mwali wenye kichwa bapa kama Mlima Elgon ukiutazama kwa mbali kutoka Kitale: nguvu ni ile ile upande hadi upande, kisha inaporomoka ghafla. Chembe ikipita popote ndani yake inatoa mwanga sawa. Kuna mwali wa Bessel, ambao Durnin na wenzake waliuonyesha mwaka wa 1987, wenye kiini chembamba kisichotanuka haraka. Kuna mwali unaozunguka kama parafujo, wenye tundu la giza katikati, ambao Allen na wenzake wa Leiden waliueleza mwaka wa 1992. Kwa namna hiyohiyo ya kubana mwanga Arthur Ashkin alishika chembe kwa leza bila kuzigusa, kazi aliyoianza mwaka wa 1970 na iliyompa Nobel mwaka wa 2018 akiwa na miaka 96. Mashine za hospitali za kuhesabu chembe za damu zinatumia mwali ulioundwa kwa makini na kulazimisha chembe zipite katikati moja baada ya nyingine. Katika baadhi ya mashine hizo chembe nyekundu, ambazo kwa asili zina umbo la sahani, zinafanywa kuwa tufe kwanza kwa dawa ili hesabu ya Mie iwe halali. Tafakari hilo. Hospitalini wanaibadilisha damu ifanane na hesabu. Jikoni kwa Senge hakuna mtu aliyeubadilisha moshi.

Kihisi cha bei nafuu hakina lolote kati ya hayo. Hewa inapita kwa upana, mwali haufunuliwi umbo lake, na chembe zinapita popote zipendapo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022 juu ya vihisi vya PurpleAir, ambavyo ndani yake vina Plantower, ulionyesha kwamba vinafanya kazi zaidi kama kipima mwanga wa jumla uliotawanywa kuliko kama kihesabu chembe. Yaani zile safu za idadi kwa ukubwa zinazojaza skrini kwa madaha, nyingi ni hesabu iliyotungwa kutokana na ishara moja. Kipima mwanga wa jumla si kitu kibaya. Ni kitu kizuri kikiitwa kwa jina lake.

Najua nitaambiwa: afadhali nambari mbovu kuliko kukosa nambari. Nakubali nusu. Kihisi kilekile, jikoni lilelile, kuni zilezile, kinaweza kukuambia kwamba kufungua dirisha kunasaidia, na saa ngapi moshi unazidi. Kwa hilo kinalipa bei yake. Lakini kulinganisha kuni na koroboi, jiko na jiko, Kitale na Bungoma? Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari na asubuhi nyingi ina ukungu unaoshuka kutoka mlimani. Chembe ya moshi inakunywa maji. Ikivimba hadi kipenyo mara mbili, ujazo wake ni mara nane, na saba kati ya hizo ni maji matupu. Kihisi kinayahesabu yote kama uchafu. Bungoma, chini zaidi na yenye joto, haina adhabu hiyo kwa kiasi kile. Ukichora ramani ya rangi, Kitale itakuwa nyekundu saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu ya umande! Na mwezi wa Oktoba hadi Desemba, wakati wa mavuno, vumbi la mahindi linaingia: chembe kubwa, zenye kingo, ambazo vihisi hivi vinazikosa kwa sababu nyingine kabisa.

Wengine wameshughulika. Nchini Marekani, EPA ilitoa mwaka wa 2021 fomula ya kusahihisha PurpleAir: zidisha kwa 0.524, toa 0.0862 kwa kila asilimia ya unyevu, ongeza 5.75. Weka nambari 100 na unyevu wa asilimia 80, unapata 51. Nusu nzima imeyeyuka! Ila fomula hiyo imetoka kwa hewa ya Marekani, na nimeona watu wakiinakili kwenye programu za hapa kama vile unyevu wa kule na moshi wa kule ni wa huku. Karibu zaidi na sisi, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulioanza mwaka wa 2015, umeweka vihisi vyake Kampala ubavuni mwa mashine kubwa ya kupimia na kutafuta masahihisho ya Kampala yenyewe. Hiyo ndiyo adabu ya kazi. Hata hivyo Kampala ni barabara na magari na takataka zinazochomwa. Si ndani ya jikoni lenye paa la nyasi.

Kwa hivyo nataka nini? Nataka karatasi ya kuchuja na mizani. Pampu ndogo inavuta hewa kupitia karatasi iliyopimwa, kando ya kihisi, kwa saa ishirini na nne. Karatasi inapimwa tena. Hiyo ndiyo njia pekee hapa inayogusa uzito. Inahitaji mizani ya kusoma maikrogramu na chumba chenye unyevu usiobadilika, na hapo ndipo nawaangalia watu wa Chuo Kikuu cha Kibabii pale Bungoma na Kitale National Polytechnic. Mizani ya namna hiyo ni ghali, lakini mmoja mkoani humu unatosha miradi yote. Usiku kadhaa wa kuni, kadhaa wa makaa, kadhaa wa koroboi, na siku kadhaa ndani ya kisiagi. Kila chanzo kipewe kizidishi chake.

Na kutoka kwetu waandishi wa programu nataka kazi mbili. Ya kwanza ni rahisi hadi inatia aibu: acheni kutupa data ghafi. Hifadhini baiti zote 32, nambari zote mbili za uzito, idadi zote, pamoja na unyevu, joto, saa na kilichokuwa kikiwaka. Kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti nane inabeba miaka. Siku mtu atakapopata kizidishi sahihi cha koroboi, ataweza kurudi nyuma na kusahihisha. Ukihifadhi wastani tu wa nambari moja, umeshazika ushahidi.

Ya pili ni ya wale wanaopenda kuchafua mikono. Nunueni moduli ya leza na jicho la mwanga vikiwa vitupu, tujenge chetu, mwali wake tuujue. Umbo la mwali linapimwa kwa wembe: ukisogeza ukingo wa wembe polepole kukatiza mwali huku ukisoma mwanga unaobaki, unapata kilima chote. Skrubu ya milimita tatu inasogea nusu milimita kwa mzunguko. Ibandike kibao cha duara chenye alama 50 na kila alama ni maikromita 10. Fundi yeyote wa jua kali pale Kitale anaweza kukitengeneza kwa asubuhi moja. Vaeni miwani ya leza, na msiwaache watoto karibu, hii si tochi. Ukishakuwa na upana wa mwali unauweka katika ule mstari mmoja wa programu, na kwa mara ya kwanza dhana zilizo ndani ya kijisanduku zitakuwa zetu, zimeandikwa juu ya faili, mtu akizipinga anaweza kuzibadilisha.

Mimi nimeanza na moduli mbili na pakiti moja ya nyembe. Msimbo uko katika Python, sehemu ya tufe imekamilika, sehemu ya mwali inakubali umbo la kilima likiwa katikati tu. Chembe inayopita pembeni bado inanipa kazi, maana hapo vipande vinaongezeka sana na kompyuta yangu inaanza kupuliza feni. Mwenye kichwa cha hisabati za tufe na muda wa jioni, iwe yuko Kimilili au Endebess au Muscat, anitafute. Karatasi za kuchuja nimeshaagiza.